Walikale: Mubi ni nukta tu kwenye karte, lakini karte ndiyo inayogawa udongo

Kwenye ramani nyingi za Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mubi ni nukta ndogo kandokando ya barabara ya kitaifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu kuelekea Walikale na Kisangani. Ramani zingine haziandiki jina lake kabisa. Lakini kwa zaidi ya miaka 20, kasiterite ya machimbo ya Bisie imekuwa ikishuka kutoka msituni na kupita katika kituo hiki cha biashara, na pesa zake zimejenga maduka, depo na nyumba za mbao zinazoongezeka kila mwaka.

Mji unakua, nukta inabaki nukta. Wengi wanadhani jambo hilo linawahusu walimu wa jiografia tu. Lakini katika wilaya ya Walikale, karte ndiyo inayoamua nani ana haki ya kuchimba, ni sekta gani inapokea pesa za madini na barabara gani inahesabiwa kuwa barabara. Ili kuelewa namna mambo yalivyofika hapo, inafaa kutazama karte za zamani za miji na inchi hii, na watu waliozichora.

Kupima na kuchagua

Kila ramani ina kazi mbili ndani yake. Kazi ya kwanza ni kupima: umbali, mwelekeo, kimo cha mlima, upana wa mto. Hiyo ni sayansi, na mtu mwingine anaweza kurudi na vyombo vyake kuhakikisha kama hesabu ni sawa. Kazi ya pili ni kuchagua: rangi gani, jina gani, kitu gani kiandikwe kwa herufi kubwa na kipi kiachwe. Hapo ndipo sanaa inaingia, na pamoja nayo mapenzi ya yule anayelipa mchoraji.

Mfano rahisi ni ule wa kipimo. Kwenye ramani ambayo sentimita moja ni kilomita 10, kituo chenye urefu wa kilomita mbili kinapata milimita mbili tu za karatasi. Soko, kanisa, shule na kituo cha afya haviwezi kuingia mahali hapo. Walikale ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23.000, karibu asilimia 40 ya jimbo lote la Kivu ya Kaskazini. Kwa hiyo mtu anayechora jimbo lote kwenye karatasi moja analazimika kuacha vitu vingi, na mara nyingi vinavyoachwa ni vya watu walio mbali na ofisi yake.

Kilwa ya 1572: mji uliochorwa kwa mbali

Tabia ya kuchora mji bila kuishi ndani yake ni ya zamani sana. Mwaka wa 1572, katika mji wa Cologne, Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walianza kutoa kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Miji miwili ya pwani ya Waswahili imo ndani yake: Kilwa na Mombasa. Zimewekwa kwenye karatasi moja pamoja na Aden na Sofala.

Michoro hiyo ni mizuri kutazama: bahari, merikebu, nyumba zilizosongamana. Lakini nyumba zenyewe zinafanana zaidi na zile za Ulaya, kwani wachoraji walitegemea habari zilizoletwa na mabaharia Wareno. Tena Wareno walikuwa wameshambulia na kupora Kilwa tangu mwaka wa 1505. Kitabu kilipotoka, mji huo ulikuwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya biashara ya zahabu iliyoupa jina. Msomaji wa Ulaya alipata picha ya mji uliositawi, wakati mji wenyewe ulikuwa tayari umebadilika.

Kivu: mstari uliotangulia ziwa

Kwa upande wa mashariki ya Kongo, karte za kwanza za Wazungu zilikuwa na tatizo lingine: mahali peupe. Henry Morton Stanley aliteremka mto Lualaba kati ya mwaka wa 1876 na 1877. Aliandika mito iliyoingia ndani yake, ukiwemo mto Lowa unaokusanya maji ya Walikale. Lakini msitu ulio kati ya Lualaba na ziwa Kivu hakuupitia, na ziwa lenyewe hakuliona.

Ukosefu huo wa habari haukuzuia mipaka kuchorwa. Mwezi wa 8 mwaka wa 1885, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ilitangaza mipaka yake. Upande wetu huu ilitumia mstari mnyoofu: kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo digrii 30 ya mashariki inakutana na digrii 1 na dakika 20 ya kusini. Kwenye karatasi, mstari ulikuwa safi kabisa. Kwenye udongo, ulipita juu ya milima, mashamba na falme ambazo waliouvuta hawakuzijua.

Miaka tisa baadaye, mwaka wa 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Kisha akaelekea magharibi, akapenya msitu wa bonde la Lowa hadi akatokea kwenye mto Kongo. Safari hiyo ilipita katika maeneo ambayo leo yanahesabiwa kuwa upande wa Masisi na Walikale. Ubishi wa mpaka kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza ulimalizwa kwa mapatano ya Brussels mwaka wa 1910, na mpaka ukafuata zaidi ziwa, mito na milima kuliko mstari ule wa kwanza.

Wasafiri wa wakati huo walipima kwa dira, kwa saa, kwa kuhesabu mwendo wa siku na kwa kutazama nyota. Kimo cha mahali walikipata kwa kuangalia maji yanachemka kwa joto gani. Ilikuwa sayansi ya kweli, lakini iliona tu kile kilichokuwa kandokando ya njia. Kijiji kilichokuwa nyuma ya kilima hakikuingia. Na majina yaliandikwa namna mgeni alivyoyasikia kutoka kwa wabebaji na waonyesha-njia, ambao majina yao wenyewe hayakuwekwa kwenye karte.

Waluba walisoma karte kwa kidole

Haifai kudhani kwamba kabla ya hapo hakukuwa na karte katika Kongo. Waluba, kusini-mashariki mwa inchi, wana lukasa, ubao mdogo wa mti unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Juu yake kuna shanga, simbi au michoro iliyochongwa. Watu wa chama cha Mbudye, walinzi wa historia ya ufalme, waliusoma kwa kupitisha kidole cha mkono wa kulia. Rangi, ukubwa na mpango wa shanga viliwakumbusha safari za mababu, mahali patakatifu, orodha ya wafalme na namna makao ya mfalme yalivyopangwa.

Lukasa haipimi kilomita. Lakini inafanya kazi ambayo karte ya Götzen haikuweza: inaeleza mahali pamoja na haki za watu juu ya mahali hapo. Tena si kila mtu aliweza kuisoma. Msomaji alihitaji kufundishwa, na maelezo yaliweza kubadilika kufuatana na wasikilizaji na sababu iliyowakusanya. Mtu anayefungua leo karte ya madini kwenye kompyuta bila kujua maana ya rangi zake yuko katika hali ileile ya yule ambaye hakufundishwa lukasa.

Élisabethville: karte iliyotangulia mji

Mwaka wa 1910, karte ilianza kufanya kazi nyingine katika Katanga. Reli ilifika kutoka kusini, na gavana Emile Wangermée akaanzisha Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mji ulichorwa kwanza, ukajengwa kisha: barabara pana zilizonyooka, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu.

Mpango huo ulisifiwa kwa usafi wake. Lakini uliweka pia ubaguzi ndani ya udongo. Mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika ilitenganishwa kwa ukanda wazi usiojengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya. Cité ya Waafrika iliyojengwa kisha, ambayo leo ni Kamalondo, bado inasomeka kwenye ramani kama mji mwingine kando ya mji. Yeyote anayeweka ramani ya zamani ya Lubumbashi juu ya ile ya sasa anaona kwamba ukanda ule umekwisha kujengwa sehemu nyingi, lakini mistari yake ingali inaongoza watu namna ya kutembea.

Uhuru ulibadilisha kwanza majina. Mwaka wa 1966, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Léopoldville ikawa Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka wa 1971 inchi yenyewe ikaitwa Zaïre, hadi 1997. Barabara hazikuhama, lakini karte zote za shule zilipaswa kuchapishwa upya.

Goma: mji unaochorwa upya na Nyiragongo

Hakuna mji wa Kongo unaoonyesha vizuri zaidi namna karte inavyozeeka kuliko Goma. Hapa anayefuta si serkali, ni mlima.

Tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 1977, ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilitoboka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ilikuwa nyepesi na yenye mbio, ikaua watu katika vijiji vya kandokando ya mlima. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 2002, mipasuko ilifunguka hadi upande wa Munigi. Lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ndani ya ziwa Kivu. Zaidi ya asilimia 10 ya mji iliharibiwa, na watu karibu 120.000 walibaki bila makao. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Wataalamu wanapochora njia hizi tatu za lava kwenye karatasi moja, kila mwaka na rangi yake, hadithi ya mji inaonekana mara moja. Mitaa imejengwa juu ya lava ya 2002. Nyumba zimepanda kaskazini kuelekea mlima, hadi kwenye udongo uliofunikwa mwaka wa 1977. Ramani moja inajibu swali ambalo hotuba nyingi hazilijibu: mji umekua kuelekea wapi, na hatari iko wapi.

Karte ya hatari inatengenezwa kwa hesabu. Watafiti wanachukua kimo cha kila mahali, wanaweka ndani ya kompyuta, kisha wanaiga lava ikishuka mara nyingi kutoka sehemu mbalimbali za mlima. Mahali ambapo lava inapita mara nyingi panapewa rangi nyekundu. Hapo sayansi inaishia na kuchagua kunaanza. Mpaka kati ya nyekundu na rangi ya machungwa unawekwa na mtu, na mwenye nyumba aliye upande huu wa mstari anapoteza bei ya kiwanja chake, wakati jirani aliye upande ule habadilishiwi kitu.

Tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, kwa sababu wataalamu walihofia lava kutoka chini ya mji au chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu walielekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Siku hiyo, karte iliacha kuwa kitu cha ukutani. Kila jamaa ilitaka kujua jambo moja: mtaa wetu umetajwa au haukutajwa? Mlipuko wa pili haukutokea, watu wakarudi. Lakini wengi walijifunza mpaka wa mtaa wao kwa mara ya kwanza.

Bisie: miraba juu ya msitu

Mubi haina volkano. Karte iliyobadilisha maisha yake ni ya namna nyingine, na ilichorwa Kinshasa.

Kodi ya madini ya mwezi wa 7 mwaka wa 2002 ilianzisha Kadasta ya Madini, CAMI. Inchi yote iligawanywa kwa miraba, kila mmoja ukiwa na hekta karibu 85. Anayetaka kutafuta au kuchimba madini anaomba miraba, na aliyetangulia kuomba anatangulia kupata. Wachimbaji wa mikono wanaruhusiwa tu katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao na waziri wa madini. Kwa sheria, mpango huu ni wa wazi na unazuia watu wawili kupewa udongo mmoja.

Lakini wakati huohuo, mwaka wa 2002, wachimbaji walianza kuchimba kasiterite Bisie, mlimani katikati ya msitu. Maelfu ya watu walifika bila kuuliza mraba. Wabebaji walitoka na magunia mgongoni kwa njia ya miguu hadi Njingala, na biashara ikajikusanya Mubi. Kutoka hapo mali ilifikishwa Kilambo, ambapo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kupeleka kasiterite Goma. Kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja.

Kwa hiyo palikuwa na karte mbili za mahali pamoja. Kwenye karte ya Kinshasa, tangu 2006, Bisie ilikuwa miraba ya utafiti iliyopewa kampuni moja. Katika vichwa vya wachimbaji, ilikuwa mashimo, kila shimo na mkubwa wake, njia zake na vizuizi vyake ambapo watu wenye silaha walidai malipo. Ubishi kati ya karte hizo mbili uliendelea kwa miaka. Mwezi wa 9 mwaka wa 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi mwezi wa 3 mwaka wa 2011. Mwishowe miraba ilishinda: mwaka wa 2019, kampuni ya Alphamin ilianza kutoa kasiterite kwa mashine, na leo mgodi huo unahesabiwa kutoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia.

Mwezi wa 3 mwaka wa 2025, vita vilipofika na waasi wa M23 kuingia Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi. Ilianza tena mwezi wa 4, baada ya waasi hao kuondoka. Kwa siku hizo, karte za vita zilipita kwenye simu za watu kila saa, na majina kama Mubi na Njingala yakasomwa na watu ambao hawakuwahi kuyasikia.

Kuna karte ya tatu pia. Tangu mwaka wa 2009, taasisi ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, inatoa ramani za machimbo ya mikono ya mashariki ya Kongo, zinazotengenezwa na timu za Wakongo zinazofika mahali penyewe. Kila chimbo ni nukta, na ndani ya nukta kuna habari: madini gani, wachimbaji wangapi, je, kuna watu wenye silaha. Hapo wachimbaji wameingia kwenye karte. Lakini shule zao, maji yao na makaburi yao hayamo, kwani swali la karte hiyo lilikuwa madini na vita.

Mpaka unaogawa pesa

Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inagawa malipo ya madini hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani au komini ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inapaswa pia kuweka asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Maneno "ambamo mgodi uko" yanaonekana mepesi, lakini yanahitaji karte. Walikale ina sekta mbili, Bakano na Wanianga, na ndani yake mipaka mingi ya kimila inajulikana kwa mito, vilima na kumbukumbu za wazee. Mpaka ambao haujachorwa kwa namna inayokubaliwa na wote unafungua ugomvi siku pesa inapofika. Na kijiji kisichoonekana kwenye karte ya watu wanaouzunguka mgodi kinaweza kukosa kisima au shule bila mtu yeyote kukikatalia mbele ya watu.

Setilaiti pekee haiwezi kumaliza kazi hii. Kutoka juu, msitu wa Walikale ni majani tu, na mawingu mara nyingi yanaufunika. Njia ya miguu, shamba la zamani lililopumzishwa na mahali pa mazishi havionekani. Na jina la mto halionekani kwenye picha yoyote ya angani. Linajulikana na anayeishi pale.

Njia moja ya kisheria imekwisha kufunguliwa. Amri ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka wa 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50.000, na baadhi ya jamii za Walikale zimekwisha kuitumia. Ndani ya faili la ombi lazima iwemo ramani, na ramani hiyo inatengenezwa na wenyeji. Kwanza wazee, wanawake, vijana na wawindaji wanachora msitu wao chini kwenye udongo au kwenye karatasi kubwa: mito, mashamba, mahali patakatifu, njia. Kisha vijana wanatembea mpaka na GPS, pamoja na majirani, na kila jirani anakubali mahali pa kukutana kabla ya wakuu kutia sahihi. Penye ubishi, kazi inasimama hadi watu wasikilizane.

Kazi hiyo ni ya polepole, na kwa sasa ni ya misitu. Hakuna kinachozuia wakaaji wa kituo kama Mubi kuifanya kwa ajili ya mji wao: kuandika avenue, viwanja, soko, vyanzo vya maji na mahali ambapo mvua inabomoa nyumba, pamoja na majina yanayotumiwa na watu wenyewe. Ramani kama ile haitoi hati ya udongo, na haifuti mraba wa Kinshasa. Lakini siku sekta itakapopanga bajeti, au kampuni itakapouliza ni nani anayeishi kandokando ya barabara yake, Mubi itakuwa na karatasi ya kuweka mezani.